Baba Amerudi Umorani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo naona haya kumweleza hata mchungaji. Mama yangu, Namnyaki, alifariki mwezi wa pili kwa mafua tu, yeye aliyeponea ndui na ile njaa kubwa, na baba yangu, mzee Lesikar, akaenda kumuuliza mganga wa misheni imekuwaje, naye akamwambia kwamba ndani ya damu kuna askari, na mtu akizeeka askari wake nao huzeeka, adui wa zamani wanamkumbuka vizuri lakini akija mgeni wanachelewa kuinuka. Baada ya siku tatu baba akasema dawa ni rahisi, yeye akirudi umorani, kwenye ujana wake wa vita, na askari wake watarudi naye. Sasa anashinda na kulala nje katika baridi hii ya mwezi wa saba, kifua wazi, amejipaka udongo mwekundu, na kwa kuwa ana upara amejifunga mkia wa mbuzi kisogoni badala ya nywele ndefu za morani, na ule mkuki alioufukia Wadachi walipokuja ameufukua, anautumia kama mkongojo. Chakula changu hali, maana morani hali chakula kilichoonwa na mwanamke aliyeolewa. Jana nilimwambia, "Baba, ingia ndani, unakohoa." Akanijibu, "Yeyo," yaani mama, ndivyo morani anavyomwita mke wa mtu, "mimi bado kijana, nitakuwaje na mtoto mkubwa kama wewe?" Nikacheka, kisha nikalia. Mama alikuwa akimfunika miguu kwa blanketi lake la kahawia, nami nalitunza, sijalifua. Naogopa kuzika wawili mwaka mmoja. Nifanyeje?

Simaloi, Oldonyo Sambu

Simaloi, pole kwa mama yako. Kucheka si dhambi, lakini kubishana na mzee mwenye hofu ni kazi bure, na wewe umeifanya miezi mingapi? Acha.

Mganga alisema kweli, ila baba yako alisikia nusu. Askari wa damu hawarudishiwi ujana kwa mkia wa mbuzi. Kwani wazee wa boma hulindwa na nani? Si na vijana wanaowazunguka? Basi morani wake ni nyinyi. Mwenye mafua asimkaribie, hata awe mjukuu anayempenda kuliko wote. Supu na maziwa ya moto apate kila siku, na kwa kuwa wewe huruhusiwi kuviona, apike mumeo, wala asione haya.

Ama kumwingiza ndani, mtii. Usimwite baba tena. Lakini morani hanywi pombe ya asali wala hanusi ugoro, na hilo analijua kuliko wewe. Nenda ukachukue kibuyu chake na kikopo chake, kwa adabu, umwambie, "Kijana, hivi ni vya wazee." Sidhani kama umorani wake utafika Jumapili.

Akiingia, usimtanie. Mfunike miguu kwa lile blanketi la kahawia, na usilifue kwanza.