Jina la Papa Linaposomwa

Bukavu, 22 Oktoba 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Huku tuko wazima, Koko pia, ni goti tu linalomsumbua. Na wewe hali gani huko Sange? Nimeapa kukueleza yote, hata lile ambalo Koko amenikataza.

Ukuta wa mawe uliojenga nyuma ya nyumba, ule unaoshikilia kilima, umeota tumbo. Nilipotoka shule niliupima kwa uzi na jiwe, kama ulivyonifundisha: katikati umetoka vidole vinne. Na yale mabomba madogo uliyoweka ili maji yapite, mvua ikinyesha hayatoi hata tone. Koko analala upande ule ule. Nilipomwomba ahame alicheka: "Ukuta ya mutoto wangu haiwezi kuniangukia. Mimi njo nilimunyonyesha!"

Papa, wahandisi wa chama chenu wanakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye ukumbi wa parokia. Niende kuwaomba waje kuuangalia?

Binti yako,
Colombe

Sange, 29 Oktoba 2023

Mwanangu Colombe,

Amani kwako na kwa mama yangu. Dereva Didier amenipa barua yako pamoja na maharagi, asante. Mimi ni muzima, ila joto la hapa kazini linakausha beto ya saruji kabla hatujaimwagia maji.

Mhamishe Koko leo hii. Mwambie ni mimi niliyesema. Lakini kwa watu wa chama usiende. Miaka minne iliyopita niliwaonyesha mchoro wa ukuta huo huo. Agnès, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kazi, akasimama mbele ya wote: "Papa Marcellin, nyuma ya mabomba utaweka changarawe, udongo usiyazibe?" Nilikunja mchoro wangu nikatoka, na sijarudi tena. Nitakuja Noeli, nitautengeneza mwenyewe.

Papa

Bukavu, 12 Novemba 2023

Papa mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini unaendelea vizuri, na naomba unisamehe kabla hujasoma zaidi. Koko alihamia sebuleni huku akinung'unika. Ila baada ya mvua ya Watakatifu Wote, vidole vinne vilikuwa saba, na Noeli ilikuwa mbali. Nilikwenda ukumbini.

Walinipa kiti karibu na mlango. Nilidhani nitasikia watu wakijisifu. Kumbe mkutano wao unaanza na mtu mmoja kueleza kosa lake mwenyewe, kila mwezi kwa zamu. Safari hii alikuwa muzee Bruno, na daraja lake dogo la kule Miti lililobebwa na maji. Hakuna aliyecheka. Walimwuliza maswali makali, tena vijana ndio waliouliza zaidi, naye akajibu, kisha akawashukuru. Nilikukumbuka sana.

Nilipoeleza habari ya ukuta, hakuna aliyeniuliza kwa nini hukuja. Jumatatu walifika watu sita. Waliutegemeza ukuta kwa magogo, wakachimba mtaro juu ya kilima, halafu Ingénieur Agnès akafukua nyuma ya bomba la kwanza. Lilikuwa limezibwa na udongo mtupu. Walisafisha yote na kujaza changarawe, nami waliniachia nishike kamba ya kupimia. Jumatano mvua ikanyesha, na mabomba yote yakatoa maji mekundu. Koko alipiga vigelegele, kisha akamgeukia Agnès: "Na weye, ulikuwa wapi hii miaka yote?"

"Koko, tulikuwa tunamungojea mutoto wako," akajibu.

Tumbo la ukuta bado lipo, lakini haliongezeki. Wanasema sehemu ya katikati itajengwa upya kiangazi, na wanataka uwepo.

Limebaki jambo moja, nililisikia mwanzoni kabisa mwa mkutano. Katibu husoma majina ya wanachama wote. Aliposoma, "Marcellin Cirhuza," nilishtuka. Agnès aliitika bila kuinua kichwa: "Iko mu njia." Mama aliyeketi karibu nami akaninong'oneza kwamba anakuitikia hivyo, kwamba uko njiani, kila mwezi, tangu siku ile ulipotoka.

Mkutano ujao ni tarehe 2 Desemba. Nimemwomba Didier asiondoke kwako bila jibu. Siku hiyo katibu akisoma jina lako, Papa, nani ataitika?

Binti yako,
Colombe