Macho ya Mama na Shahada Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mama kafika jana kutoka Rombo. Leo Kariakoo kamgonga muuza mihogo, mchana kweupe — hakumwona kabisa! Kaka Benedict, mwenye duka la miwani, anacheka eti uzee. Mimi sikucheka. Nilimwinulia Mama kidole pembeni mwa jicho. Hakukiona. Jamani!

Alhamisi, 7 Agosti
Hospitali. Kaenda shingo upande. Ni presha ya macho. Daktari kasema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinataka upasuaji haraka, Jumanne. Mama kasikiliza kwa adabu zote, kashukuru, halafu kaniuliza kwa Kichaga: huyu kijana ni nani hata amfundishe kazi mwanangu?

Loo! Mimi nafundisha fizikia ya mwanga chuoni. Leza. Lenzi. Jicho la mtu sijawahi kuligusa!

Jumamosi, 9 Agosti
Kumbe chanzo cha Mama kudhani natibu macho ni ile sherehe ya PhD yangu. MC alitangaza mbele ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma: "Daktari wetu wa macho!" Ukoo mzima vigelegele. Nani angembishia MC, ndafu imeshaletwa na majani yake mdomoni? Mama kalishika neno hilo hadi leo.

Nimemweleza: Mama, mimi nimesomea mwanga, siyo macho. Kajibu: "Kwani macho yanaonea nini, giza?"

Na Benedict naye! Kabandika dukani picha yangu nimevaa joho. Nimemwambia aitoe, anasema wateja wanaipenda. Nimeingia stoo, nimelia katikati ya maboksi ya fremu. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 12 Agosti
Siku ya upasuaji. Mama kaamka mwenyewe, kaoga, kavaa kitenge chake cha Krismasi. Nikafurahi! Nikaita bajaji.

Kumbe hajavaa kwa ajili ya hospitali. Kakaa sebuleni, uso juu, taulo safi mapajani. Ananisubiri mimi.

Nimesema kwa Kiswahili, kwa Kichaga, kwa machozi. Benedict kapiga magoti — Benedict! — kamwambia Mama, dada hajui kutibu. Mama kamkemea aache wivu.

Naandika jikoni. Kanituma ninawe mikono. Bajaji inapiga honi nje, miadi inapita, na mimi nimesimama tu hapa kama mjinga. Anaita tena kutoka sebuleni, kwa upole kabisa: "Usiogope, mwanangu. Hata ukikosea, mimi ni mama yako."