Laini Siyo Laini

Jumatatu, 16 Juni
Mwalimu Mulei amekubali! Kona ya uwanja wa shule, kando ya mtaro, ni yangu mpaka Ijumaa. Nijenge shimo moja la gofu. Atahesabu watakaorudi kucheza mara ya pili. Wasipofika kumi, kona inapewa watu wa voliboli. Nilijibu "sawa" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Mjomba Umar ni kedi, huwabebea wachezaji wa gofu fimbo. Anasema kuna shimo watu hulitukana na lingine hucheka hata wakishindwa. Nyasi ni zile zile! Tofauti ni nini? Nilimuuliza akivua viatu. "Hanan, shimo bila laini halichezeki." Nimeandika kwa wino mwekundu.

Jumanne, 17 Juni
Laini! Nimefagia, nikamwaga maji, nikapigapiga udongo kwa ubao mpaka ukawa kama sakafu ya Bibi siku ya Idi. Nimefukia kopo la kuingilia mpira mwishoni, karibu na mtaro. Naliona zuri sana.

Jumatano, 18 Juni
Aibu. Mpira hausimami. Unaugusa tu — mtaroni. Okoth wa darasa letu mara nne. Muthoni alipiga kama anayebembeleza mtoto. Mtaroni. Jackie, aliyenipachika jina la Prof, akapaza sauti: "Niaje, Prof! Hii ni gofu ama choo ya mipira?" Wakacheka wote. Hakuna aliyerudi.

Jioni Mjomba alipitia kuona. Akagonga udongo kwa kisigino, akacheka mpaka akachuchumaa. "Wewe! Nilisema laini, si laini!"
Sikuelewa.
"Laini, kama mtaa wa Laini Saba! Mstari! Njia ya mpira!"
Kumbe! Siku nzima nimesugua neno lisilo lenyewe.

Alipotulia akasema mchezaji hakasirishwi na ugumu. Hukasirika asipokuwa na la kuchagua. Shimo linalopendwa lina laini mbili: fupi inayopita karibu na maji, na ndefu iliyo salama. "Akiingia majini, anajua amejipeleka."
Mimi nilijenga mtihani wenye jibu moja. Na jibu lenyewe halikuwepo.

Alhamisi, 19 Juni
Jembe. Malengelenge matatu. Kopo nimelihamishia ng'ambo, pale mtaro unapokata kona. Kushoto: njia ndefu ya nyasi inayouzunguka mtaro. Kulia: ubao mmoja juu ya maji, upana wa rula mbili.

Ijumaa, 20 Juni, saa kumi na nusu, uwanjani
Naandika nimekalia tofali. Muthoni alipita kushoto, mapigo saba, akaruka kwa furaha. Okoth amerudi mara tatu, lakini Mwalimu anahesabu vichwa tu. Jackie alijaribu ubao — chubwi! Nikangoja matusi. Akautazama ule ubao, akasema, "Hapo ni mimi, si shimo." Akarudi kwenye foleni! Ndiye wa tisa kurudi.

Foleni imeisha, na bado mmoja. Mwalimu anatazama saa.

Jackie ananijia na fimbo. "Prof, kwani wewe umecheza?"
Sijacheza. Hata mara moja! Mwalimu anasema mwenye shimo pia ana kichwa — nikicheza na kurudi, atanihesabu. Wote wamegeuka kunitazama. Kushoto ni salama. Mimi ni mtu wa kushoto tangu nursery.

"Laini gani, Prof?"

Nimemwambia asubiri nimalize sentensi hii. Macho yangu hayatoki kwenye ubao.