Simu ya Kina Baba Vero

Jumatatu, 16 Juni 1997

Kazini saa mbili. Shughuli ni ile ile. Duka linapiga simu, linanisomea namba ya kadi ya benki ambayo mteja analipia, naangalia kompyuta, nasema pitisha au ngoja. Mteja mmoja wa hoteli amenitukana mpaka akaishiwa na pumzi. Zamani matusi ya namna hiyo ningefika nayo nyumbani Komarock. Siku hizi hayafiki hata kwenye lifti.

Jioni matanga kwa jirani, Baba Vero. Mama yake alifariki Alhamisi. Alikuwa ameletwa kutoka Bungoma kutibiwa. Tulimwita Kukhu, kama wajukuu wake walivyomwita. Nyumba zetu zinatumia ukuta mmoja, kwa hiyo kikohozi chake nimekisikia miezi mitatu. Wanawake wamelia. Mimi nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Wamenifanya katibu. Eti Mama Musyoka ana mwandiko mzuri na anafanya kazi kwenye ofisi ya simu. Nimewaacha waamini hivyo. Kueleza kadi ni nini kunachosha.

Jumanne, 17 Juni

Matanga tena. Nimeandika mpango wote wa safari. Basi la kukodi na pikapu. Pikapu itangulie na vyakula, maiti iende na basi. Kuondoka Ijumaa asubuhi, kufika kabla ya jua kutua.

Mjomba wa Baba Vero amesimama mara tatu kusema jambo moja tu. Kukhu lazima alale nyumbani kwake usiku wa Ijumaa, ndipo azikwe Jumamosi. Asipolala kwake, amezikwa kama mgeni. Nimeliandika. Mara ya tatu nikalipigia mstari ili mzee akae chini.

Jumatano, 18 Juni

Kadi moja ya ajabu leo. Z. W. Makokha, mwanamume. Mwaka mzima hununua petroli na vitabu vya shule, basi. Leo gauni la mwanamke mzee, sweta, soksi, kitambaa cha kichwa, blanketi. Saa moja baadaye, mchele na sukari kwa magunia. Muuzaji wa nguo alisema mteja amekataa kabisa kuonyeshwa viatu. Nimepitisha, lakini nimeiwekea alama. Msimamizi amelisifu jicho langu mbele ya wenzangu. Sikufurahi wala sikuchukia.

Ijumaa, 20 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Alfajiri niliwasikia kina Baba Vero wakifunga mlango. Sikutoka kuwaaga. Nilikuwa napiga pasi.

Saa mbili, kadi ya Makokha. Petroli, magari mawili kwa kadi moja. Nikapitisha. Saa tano, Nakuru, petroli tena. Sheria inasema mpigie mteja nyumbani. Nikapiga. Ikalia, haikupokelewa. Nikapitisha. Saa saba na nusu, stesheni ya petroli karibu na Timboroa: tairi mbili za basi. Mtu wa vitabu vya shule ana basi tangu lini? Nikapiga nyumbani kwake tena. Hakuna mtu.

Nikaomba mteja apewe simu. Laini mbovu, upepo mtupu, sauti imekauka. Nikamwuliza swali tunalowauliza wote: jina la mama yako mzazi. Akanyamaza. Nikarudia.

"Mnamtakia nini?" akasema.

Hilo si jibu. Nikaandika: amesita, amekataa kujibu. Nikaifunga kadi. Nikaenda kula. Chapati na maharagwe, na nilimaliza yote.

Nimefika nyumbani, mdogo wangu Mwende, ambaye hushinda hapa, akaniambia simu ya kina Baba Vero imelia mchana. Saa tano. Tena saa saba na nusu. Imelia hadi akataka kuziba masikio.

"Nani huyo hana habari wako njiani na maiti?" akauliza.

Nilikuwa nimevua kiatu kimoja. Namba yao tumeiandika nyuma ya mlango, kwa sababu watu wetu wa Machakos hutupigia kwao. Mimi mwenyewe sijawahi kuipiga, mtu hampigii simu jirani wa ukuta mmoja. Nimeisoma. Ndiyo hiyo niliyoipiga leo mara mbili.

Miaka sita ya ujirani. Sikuwahi kuuliza Baba Vero aliitwa nani kabla Vero hajazaliwa.

Gauni bila viatu. Mwizi angechukua viatu. Mwanangu wa miaka saba angejua hizo ni nguo za maiti.

Nimekimbia hadi kibanda cha simu cha madukani. Nimepiga ofisini. Kijana wa shifti ya jioni amekataa kuifungua kadi. Mteja mwenyewe athibitishe, au msimamizi, na msimamizi hayupo. "Dada, sheria ni msumeno," akaniambia. "Na wewe ndiye umeandika hapa amekataa kujibu." Nimepiga stesheni ya Timboroa. Haishiki.

Kukhu halali kwake leo. Mimi nimemzuia. Naliandika ili nione kama litauma.

Jumamosi, 21 Juni

Si zamu yangu. Nimeingia ofisini kabla ya saa moja, nikaketi kwenye kompyuta yangu. Fomu inauliza: umezungumza na mteja? Nikajaza ndiyo. Si uongo, nilizungumza naye jana. Inauliza: umeridhika kwamba ni yeye? Ndiyo. Nikaweka sahihi mahali pa msimamizi, ambayo si kazi yangu kuiweka. Kadi ikafunguka.

Stesheni imepatikana mara ya tatu. Mhudumu amesema basi bado liko pale pale, watu wamelala ndani na sanduku lao, usiku ulikuwa baridi sana. Nikamwambia awape tairi.

Nimejaribu kulia chooni. Machozi hayakuja. Nimenawa uso tu.

Jumatano, 25 Juni

Wamerudi jana. Leo jioni Baba Vero amekuja kwangu, ndevu hazijanyolewa. Nimempa chai.

Jumamosi walifika kwao saa nane mchana, kaburi limekwisha kuchimbwa, watu wamechoka kungoja. Sanduku limesimamishwa kidogo mlangoni mwa nyumba ya Kukhu, kisha kaburini. Mjomba hajasema naye tangu siku hiyo. Amesema mbele ya ukoo kwamba hawezi kula na mtu aliyemlaza mama yake kwenye stesheni ya petroli.

Baba Vero anataka barua. Kampuni ya kadi imwandikie kwamba kosa halikuwa lake, akamsomee mzee. Hataki kingine. Na mimi ndiye mwenye mwandiko, niwaandikie ombi lake.

Nimeleta karatasi. Yeye akasema, mimi nikaandika. 

"Mwanamke mmoja ameniuliza jina la mama," akasema. "Na mama yuko hapo nyuma yangu, ndani ya sanduku. Nilishindwa kulitaja."

Nimeandika hivyo hivyo. Mwisho nikaandika wako mwaminifu, nikaacha nafasi ya sahihi, na chini yake nikaandika Zablon Wanyonyi Makokha. Nikamsogezea kalamu.

Hakuichukua. Aliliangalia jina, akaniangalia mimi.

"Mama Musyoka, hili jina umelitoa wapi?"

 Nilikuwa na majibu mengi na yote ni ya uongo. Nikaangalia meza. Mwishowe alichukua kalamu, akatia sahihi, akaikunja barua mara nne na kutoka. Hakufunga mlango. Chai hakuionja. Aibu nimeisikia, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nimesikia kitu.

Ijumaa, 27 Juni

Barua imefika ofisini. Ameileta mwenyewe, wamesema watu wa mapokezi. Msimamizi ameitupa mezani kwangu. Nijibu kama kawaida, kwamba taratibu zilifuatwa.

Nimepiga chapa kwenye karatasi ya kampuni. Kwamba mteja hakukosa. Kwamba kadi ilifungwa kimakosa na karani, na kwamba marehemu alicheleweshwa na karani huyo. Nikataja jina la karani kwa ukamilifu, Mwikali Kioko. Nikagonga muhuri. Msimamizi hajaiona. Akiiona nitakuwa sina kazi, na si ajabu itakuwa wiki ijayo.

Nimeipitisha chini ya mlango wao nikirudi. Taa ilikuwa inawaka.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefua sare za Musyoka, nimesuka mkeka kidogo.

Saa kumi simu ya kina Baba Vero imelia. Imepokelewa. Baada ya dakika moja mlango wetu umegongwa. Kwa kawaida hutumwa Vero. Leo alikuwa babake.

"Mwikali Kioko," akasema. "Una simu kutoka Machakos."

Nimevaa ndara, nikamfuata.