Sala ya Dada Loi

Mbukwa! Nakusalimu, mjukuu wangu Daudi. Huku Chamwino tu wazima, ila mama yako bado analalamikia miguu, na kutwa tunafukuza ndege kwenye uwele. Huko Tanga ule vizuri.

Umeniuliza kwa nini nikisali sifumbi macho.

Wakati wa vita vya Wajerumani, askari walizunguka vijijini wakikamata ng'ombe na wapagazi. Baba na mama wakakimbiza mifugo porini. Kwenye tembe nikabaki mimi, mtoto mdogo, na dada yangu Loi, aliyekuwa hoi kwa homa. Nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amebatizwa. Mchana mbwa walibweka, kisha wakanyamaza ghafla. Tukasikia buti uani.

"Tusali," Loi akaninong'oneza.

"Dada, naogopa kufumba macho."

"Basi nifumbe mimi. Wewe tazama mlango."

Akanishika mkono, akaanza kuomba kwa sauti ndogo. Kiganja chake kilichoma kama kaa. Kivuli kikaziba mlango. Askari akainama, akachungulia, akamwona mgonjwa, akarudi nyuma upesi. Niliukodolea mlango macho mpaka mlio wa buti ukapotea mbali.

"Dada, wameondoka. Sema amina."

Hakujibu.

Yaliyofuata tuyaache. Nawe nakuombea hivyo hivyo, macho wazi. Mchungaji hunisihi niyafumbe, nami namheshimu. Lakini Loi hajasema amina, Daudi, na mlango aliniachia mimi.

Bibi yako,
Mele