Faneli ya Dada Yako Katal

Kitongoji cha Nichimtik,
Chamula, Chiapas,
Mexico.
12 Februari 2023

Mpendwa shemeji yangu Xalik,

Salamu nyingi zikufikie huko Florida kwenye mashamba ya nyanya. Hujambo? Na huo mgongo, bado unakusumbua? Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi kondoo wanatoka zizini manyoya yakiwa meupe kwa umande ulioganda. Mama yangu, Bibi Matal, ni mzima wa afya na anagombana na kila mtu kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yake.

Katika kifurushi kilichokuja na barua hii utakuta soksi za sufu, unga wa mahindi ya kukaanga, na kitu kimoja cha plastiki ambacho utadhani nimekitia humo kwa bahati mbaya. Sikukosea. Soma mpaka mwisho ndipo unicheke.

Kwanza hiyo sukari yako. Ulipopiga simu mwezi uliopita ulimwambia dada yako kwamba daktari wa huko amekuta sukari nyingi kwenye damu yako, halafu ukacheka, ukasema unaiteremsha kwa soda baridi. Katal hakucheka. Alinirudishia simu, akaenda kukaa mbele ya kazi yake ya kufuma na asifume kitu. Mama yenu aliondoka na ugonjwa huohuo, yakaanza macho, ukafuata mguu, na wewe ndiye uliyekuwa umemshika mkono. Mimi ni shemeji tu, sina la kuongeza hapo.

Ila nataka nikusimulie habari za dada yako, maana kwenye simu yeye hasemi. Ukimuuliza anajibu "niko salama" na kukuuliza kama umekula. Basi acha nimseme mimi.

Ulimwacha akiwa mwanamke wa kupumzika njiani akitoka mlangoni kwenda kisimani. Sasa anapanda na kondoo hadi kule kwenye misonobari na mimi ndiye ninayebaki nyuma nikihema. Wale madaktari wa Tuxtla waliompunguza tumbo walimwachia kipande chembamba kama ndizi, na chakula chake cha mchana unaweza kukishika kwenye kiganja. Ule mkanda mwekundu wa sketi yake, ambao zamani ulikuwa haumalizi mzunguko wa pili, siku hizi anauzungusha mpaka anachoka. Nilimwambia atafute mkanda wa mtoto. Alinirushia ndoo.

Lakini shemeji, kukatwa tumbo si kazi. Unalala, unakatwa, unaamka. Kazi ni soda.

Unalijua duka letu. Ukuta mzima ni kreti, zimepangwa kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Katal, aliyekuwa akimaliza chupa kubwa kabla jua halijafika katikati, kila siku anazifungua hizo chupa kwa mkono wake, zinafanya "pssii" mbele ya pua yake, anampa mteja, anageukia kikombe chake cha maji ya uvuguvugu. Mimi nisingeweza. Mimi nikicheleweshewa soda yangu ya saa nne naanza kutukana kuku. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote hii nikidhani mwenye nguvu nyumbani ni mimi kwa sababu ninabeba kreti.

Binti mmoja wa lishe kule hospitali alimweleza kwa upole. Alisema tumbo dogo vile halina nafasi ya gesi. Gesi ikiingia inavimba, inabana, na haipati pa kutokea. Na sukari yenyewe inateremka kwenye utumbo haraka mno, mtu anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anaweza kuanguka. Katal akamuuliza kama anaweza kuiacha wazi mpaka povu liishe. Binti akamwambia povu litaisha lakini sukari haiendi popote.

Sasa wewe umezaliwa hapa, unajua shida iko wapi. Mama yangu hakuelewa hata neno moja. Kwake yeye mgonjwa asiyebeua ni mgonjwa aliyefungiwa ugonjwa ndani. Baada ya Katal kupata nafuu, mama alimwita mganga wake, wakampeleka kanisani, wakawasha mishumaa chini kwenye majani ya msonobari, na kikombe cha soda kikaja ili abeue. Katal alimheshimu mkwewe, akanywa mafunda mawili. Alibana kifua kwa mikono yote miwili, jasho likamtiririka, akakaa chini palepale uso ukiwa rangi ya majivu. Mama akawa anampangusa na kusema, "Unatoka huo, mwanangu, ugonjwa unatoka." Haukuwa unatoka. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, na njiani akaniambia kwamba hilo lilikuwa funda lake la mwisho hata angepewa na nani.

Baada ya hapo watu wakaanza maneno. Wengine walisema anaringa, wengine kwamba amehamia dini mpya. Jirani yetu mmoja alikuja dukani akaniuliza waziwazi, "Maryan, waliohamia dini mpya wanakataa gongo lakini soda wanakunywa. Huyu mkeo anakataa vyote, sasa huyu ni wa dini gani?" Nikamjibu ni wa dini ya maji ya uvuguvugu. Tulicheka, lakini niliona Katal amesikia.

Ndipo likaja jambo la Veruch. Mpwa wako amekua, shemeji, na ameposwa na Petul, kijana wa ng'ambo ya bonde anayefanya kazi ya useremala. Kijana mtulivu, na Veruch anamtaka kweli, si kwa kulazimishwa. Mshenga wao ni Mzee Romin. Unamkumbuka Mzee Romin, yule ambaye aliwahi kuvunja posa kwa sababu baba wa msichana alipokea kikombe kwa mkono mmoja.

Walikuja mara ya kwanza tukawakatalia, kama inavyotakiwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ndiyo ya vikombe vya soda, na unajua maana yake: wazazi wakinywa, binti ametolewa. Wasiponywa, wageni wanabeba kreti zao na kurudi, na hawarudi tena.

Jioni kabla ya siku ile nyumba yetu haikukalika. Mama yangu alisema funda moja halijamuua mtu. Mimi nilitoa wazo langu zuri kwamba Katal ajifanye mgonjwa alale ndani, akanitazama nikalirudisha. Kisha Veruch akapiga magoti mbele ya mama yake akilia.

"Mama, kidogo tu. Lowesha midomo tu, kwa ajili yangu."

Katal akamshika kichwa. "Nikinywa kidogo kwa ajili yako, mwanangu, itabidi ninywe kidogo kwa ajili ya kila mtu. Mimi nataka kuiona harusi yako. Na ya binti yako pia."

"Na kama Mzee Romin akiondoka?"

Hapo machozi yakamtoka Katal. Shemeji, nililala na hofu. Sikujua kesho yake nitampoteza mkwe au nitamweka mke wangu hatarini.

Wakaja alfajiri, wamevaa majoho ya sufu, na kreti zikashushwa mlangoni. Petul mwenyewe ndiye aliyemimina. Nikaanza mimi. Nikainama, nikasema, "Nakunywa, baba," Mzee Romin akajibu, "Kunywa," nikanywa mpaka tone la mwisho, na kusema kweli ilikuwa tamu. Akafuata mama yangu. Akabeua kwa sauti, wageni wakafurahi.

Kikombe kikamfikia Katal. Alikipokea kwa mikono miwili. Akainama kwa kila mmoja, mkubwa hadi mdogo, hakuruka mtu. "Nakunywa, baba. Nakunywa, mama." Halafu akafunua shali, akatoa chupa tupu na faneli ya plastiki, kama zile wanazobeba wazee wasiotaka kulewa kwenye sherehe. Akaisimamisha faneli kwenye mdomo wa chupa na kumimina soda yote humo, taratibu, mbele ya macho yao, bila kumwaga hata tone.

Unajua kwamba kwa gongo hilo hufanyika na hakuna anayeuliza. Unamimina, unapeleka nyumbani, heshima imetimia. Lakini kwa soda? Nani amewahi kukinga soda kwa faneli? Soda ndiyo anayopewa yule asiyeweza kunywa gongo. Povu likasikika kwenye chupa.

Mzee Romin akaweka kikombe chake chini. "Mama Veruch, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, baba."

"Hii si gongo. Mtoto wa miaka miwili anakunywa hii."

"Mtoto wa miaka miwili ana tumbo kubwa kuliko langu," Katal akasema. "Nimekatwa, baba. Limebaki hivi." Akaonyesha kidole. "Nikinywa nitaanguka hapa mbele yenu na mtakumbuka posa hii kwa msiba. Kikombe chenu nimekipokea na nimeshukuru. Binti yangu nimemtoa. Ila soda itakaa humu kwenye chupa, haitakaa ndani yangu."

Mzee akachukua kofia yake. "Nimeposa tangu sijaota mvi. Ninajua 'hapana' ninapoiona, hata ikija kwa faneli. Tusimame."

Petul akabaki ameshika chupa, hajui amimine au asimame. Veruch alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nilimsikia akivuta pumzi.

Aliyesema ni mama yake Petul. Anaitwa Lusya, mwanamke mnene mpole, tangu aingie hakuwa amefungua kinywa zaidi ya salamu.

"Kaa, Mzee Romin," akasema. "Mimi bado sijapata kikombe changu."

Mzee akageuka. Mama Petul akanyoosha mkono mbele ya Katal. "Mama mwenzangu, ukimaliza na hicho kifaneli, niazime. Mimi nina kidonda mguuni tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohana na hakifungi. Kila daktari ananiambia niache, na kila nyumba ninayoingia nanyweshwa. Nimechoka kunywa kwa adabu."

Katal akaifuta faneli kwa pindo la shali yake na kumpa kwa mikono miwili, kama vile anampa kikombe. Nilikimbilia dukani kuleta chupa tupu. Nimeuza soda maisha yangu yote na ile ndiyo mara ya kwanza kukimbia kutafuta chupa isiyo na kitu. Mama Petul akainama, "Nakunywa, mama," Katal akajibu, "Kunywa," na soda ikaingia kwenye chupa.

Mzee Romin alisimama pale na kofia yake. Mama wa bwana harusi akikinga kwa faneli, mshenga ataondoka na nani? Akakaa. Baadaye akaomba kikombe chake kijazwe tena, akakinywa chote, na kusema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa lakini hajakasirika, "Haya, mimi nitawanywea wote." Mama yangu akamwambia asiibe kazi yake.

Basi Veruch ametolewa. Harusi ni Novemba, mahindi yakishavunwa, na kila mtu ananiuliza utakuja. Ninawajibu kwamba sijui, lakini kiti chako kitawekwa.

Na sasa kile kitu cha plastiki. Siku ile wageni walipoondoka, Katal aliosha faneli, akaianika kwenye ua, kisha akaifunga kwa kitambaa na kuileta kwangu. Nilimwambia ni yake, ataihitaji sokoni, misibani, kila mahali. Akasema atanunua nyingine. Maneno yake ni haya, nayaandika kama alivyoyatoa: "Mwambie Xalik, atakapopewa apokee kwa mikono miwili, ashukuru, kisha amimine. Mwambie nilikuwa na hakika wageni wataondoka, na mwenzangu akaniomba nimwazime."

Aliposema hayo alilia, akaenda kufuma. Kitambaa anachofuma ni cha kwako.

Wasalimie Antun na mkewe, na wote mnaokaa nao nyumba moja. Bibi Matal anakusalimu na anasema ule vizuri. Veruch anakusalimu, na Petul, ambaye hamjuani bado, anakuamkia kwa heshima. Mungu akulinde kazini na barabarani, auponye mgongo wako, na aitulize damu yako.

Novemba uje nayo hiyo faneli. Nitaikagua mbele ya watu, nione kama imechakaa.

Ni mimi shemeji yako anayekukumbuka kila anapofungua duka,

Maryan