Nyungu ya Mama Kwenye Ghala la Wanachama

Kitale, Jumamosi jioni. Mvua ya Agosti imenyesha tangu saa nane, na baridi imeingia hadi mifupani. Nina hasira, nina furaha, na viatu vyangu vimeloa chepechepe. Nianze na hasira.

Kaka yangu Wafula amenipigia simu mara sita tangu alasiri. Yeye yuko Bungoma, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mzee wa kanisa kama alivyokuwa marehemu baba yetu. Sijapokea. Nikiongea naye kabla ya kuandika haya nitajikuta naomba msamaha, ninavyojijua.

Leo siombi.

Mwezi wa tano nilijiunga na yale makumbusho madogo ya barabara ya Endebess, yaliyoanzishwa na walimu wastaafu na wakulima. Nilichukua kadi ya mwaka mzima. Walimu wenzangu shuleni walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akaniambia, "Ati Madam, unalipa ndio uone nyungu? Si nyungu ziko kwa shosho bure!"

Niliwajibu kwa kuwasomea faida zote kama muuza bima. Mwanachama huingia siku yoyote bila kulipa kiingilio, huja na mgeni mmoja, watoto wake hufundishwa kusuka vikapu wakati wa likizo, ana kura kwenye mkutano mkuu, na Siku ya Wanachama kuna chai na mandazi. Yote ni kweli. Lakini siyo yaliyonipeleka.

Kilichonipeleka kilikuwa chini kabisa ya kile kikaratasi cha uanachama. Siku ya Wanachama, ghala la nyuma hufunguliwa. Mgeni wa kawaida huishia kwenye vioo vya mbele. Mwanachama huingia hadi kwenye rafu, hushika vyombo kwa mikono yake, na akiwa na habari ya chombo anaweza kuomba kadi ya maelezo ya chombo hicho irekebishwe. Ndani ya ghala hilo kulikuwa na nyungu moja kubwa ambayo sikuwa nimeiona kwa zaidi ya miaka ishirini. Kadi yake ina mwandiko wangu.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Wakati makumbusho yanaanzishwa nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, niko likizo. Waliniajiri kujaza kadi za vyombo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Siku moja mzee mmoja kutoka Kimilili akaleta nyungu, akasema aliinunua sokoni, hakumbuki kwa nani. Mimi nilimjua mfinyanzi kabla nyungu haijateremshwa kwenye mkokoteni. Kwenye nafasi ya mtengenezaji nikaandika: Hajulikani.

Alikuwa mama yangu.

Wasiotoka kwetu wataniuliza kuna ubaya gani. Nyungu ile haikuwa ya maji. Ilikuwa ya pombe ya busaa, ile yenye tumbo pana ambayo wazee huizunguka wakinywa kwa mirija mirefu. Na baba alikuwa mzee wa kanisa. Kanisani kwetu aliyepika pombe alitengwa, hakushiriki meza ya Bwana, na aliyeuza vyombo vya pombe hakuwa mbali naye. Mama alianika nyungu za maji mbele ya nyumba, kila mtu azione. Zile kubwa alizifunika kwa magunia nyuma ya ghala la mahindi. Baba aliyajua magunia hayo vizuri sana, ila hakuwahi kuyafunua. Karo yangu ilitoka chini ya magunia yale. Ya Wafula pia, na yeye ndiye aliyesoma hadi chuo kikuu.

Kwa hiyo nilipoandika Hajulikani nilijiambia ninamlinda mama. Nimejiambia hivyo nusu ya maisha yangu.

Mama sasa amepita themanini na macho yake yana mtoto wa jicho. Wiki mbili zilizopita nilimwambia kwamba nyungu yake moja iko Kitale na kwamba kadi yangu inaniruhusu kuja na mgeni. Sikumwambia mengine. Alifurahi akampigia Wafula papo hapo, na Wafula hakuchelewa kuandika kwenye kikundi cha familia: "Nekesa wachana na hiyo maneno. Mama ni mkristo. Ati jina yake iandikwe kwa nyungu ya pombe watoto wa shule wasome? Papa angesema nini? Na wewe ni karani wa akina mama kanisani, utakaa aje hapo mbele?"

Nilisoma ujumbe huo mara nyingi, halafu jana nikaenda Kimilili nikamchukua mama.

Leo asubuhi alivaa gauni la bluu la harusi za watu na leso nyeupe. Mlangoni tulipokelewa na Wanjiru, binti anayeshughulikia wanachama. Babu yake alikuja Trans-Nzoia kulima, na yeye amezaliwa hapa hapa. Alimwita mama "Kukhu", vile watoto wangu wanavyomwita bibi yao, akamshika mkono hadi kwenye rafu. Tulikuwa wanachama kama ishirini. Mmoja wao, bila shaka ni Mungu aliyempanga, alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la hapa mjini. Sikujua kama naye ana kadi.

Mama aliinama akaweka viganja juu ya tumbo la ile nyungu. Kisha akapitisha vidole shingoni, kwenye alama za kamba, akacheka peke yake.

"Hii ni yangu. Si ninajua mkono yangu."

Wanjiru akachukua kadi kwa furaha, akasoma kwa sauti, akafika kwenye lile neno. Akasema pole Kukhu, labda aliyeandika hakuuliza.

Hapo ningeweza kunyamaza. Kadi ingerekebishwa, chai ingenywewa, nami ningerudi nyumbani mtoto mwema aliyemtafutia mama yake haki. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikapiga moyo konde nikasema kadi hiyo niliiandika mimi, nilijua nyungu ni ya nani, na niliandika hivyo kwa makusudi.

Mama alinigeukia. Macho yake hayaoni vizuri, lakini yalinipata.

"Kumbe aliyenionea haya ni wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nafikiria ni kanisa."

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima na bado sijaimaliza. Sikumlinda mama. Nilijilinda mimi, mwanafunzi wa ualimu mwenye mwandiko mzuri, nisije nikajulikana kuwa nilisomeshwa na pombe. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha hata pale ambapo mama hakuniomba.

Nilimwambia nisamehe, mayi. Akarudisha mikono yake kwenye nyungu.

Mwenyekiti wa makumbusho, mzee mpole mwenye ng'ombe wengi kule Endebess, akakohoa. Akasema tusiharakishe, Mwalimu, maana tukiandika jina bila ushahidi kesho kila mtu atakuja kudai nyungu. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilitaka kubishana lakini mama alinitangulia. Akaomba aletewe nyungu nyingine za Kimilili. Wakaleta tatu. Akamwambia Wanjiru aangalie kamba.

Wafinyanzi wa kwetu huviringisha kamba iliyosokotwa kwenye shingo ya nyungu ikiwa bado mbichi, inaacha mistari. Kwenye zile tatu mistari ilikuwa imelalia kulia. Kwenye ya mama ilikuwa imelalia kushoto. Mama ni wa mkono wa kushoto. Alipigwa sana utotoni ili aache, na hakuacha.

Wanjiru alipitisha kidole kwenye kila nyungu, moja baada ya nyingine. "Haki ya Mungu," akasema, na mwenyekiti wa makumbusho akaomba miwani yake.

Basi wakakubali. Ila mzee huyo mpole akajaribu kutusaidia, na msaada wake ndio uliokaribia kuharibu kila kitu. Alimwangalia mwenyekiti wa akina mama, akatuangalia sisi, akasema tunaweza kuandika jina la mama halafu chombo tukiite nyungu ya maji. Kwa heshima ya familia. Nani atajua?

Nakiri kwamba kwa dakika moja nilishawishika. Kila mtu angekuwa sawa, hata Wafula. Nikamwangalia mama.

"Maji gani hiyo?" mama akauliza. "Andika busaa. Na usiandike Mama Wafula. Mimi niko na jina."

Wanachama wawili wanatakiwa kutia sahihi. Wa kwanza nilikuwa mimi. Nikageuka kumtafuta wa pili na watu wakaanza kuangalia dari. Ndipo mwenyekiti wa akina mama akaja mbele, uso umekunjamana, nikajua sasa mahubiri yanaanza. Akachukua kalamu. Alitia sahihi bila kuniangalia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ya kanisa tutaongea baadaye." Sijui kama yuko upande wangu au la. Sahihi yake ipo.

Kadi mpya niliijaza kwa mwandiko ule ule. Mtengenezaji: Robai Nasimiyu, wa Kimilili. Kazi ya chombo: nyungu ya busaa. Kuna nafasi ya maelezo mengine, na hapo niliandika kwamba nyungu kama hii ilisomesha watoto wawili, na kwamba mmoja wao ndiye aliyemwita hajulikani. Nikaandika jina langu lote. Mama aliniomba nimsomee. Nilimsomea, akasema sawa, akaomba mandazi.

Hajaniambia amenisamehe. Sasa hivi yuko jikoni anachoma mahindi mabichi na kuwaeleza wanangu jinsi ya kuchagua udongo, na nikiingia ananiita tu nilete chumvi. Sitamharakisha. Nilichukua zaidi ya miaka ishirini, naye achukue muda wake.

Simu inaita tena, mara ya saba. Sasa nitapokea. Wafula atanikumbusha kuhusu papa, kuhusu jina la familia, na kwamba ninaweza kuondolewa ukarani. Waniondoe. Daftari lao liko tayari mezani, limejazwa vizuri.

Kesho ni Jumapili. Mama amekataa kanisa la hapa mjini, anataka nimrudishe Kimilili, kule kule alikoketi miaka yote mikono yake imefichwa chini ya leso, udongo usionekane kwenye kucha. Tutakaa benchi la mbele. Atakayeuliza nitamjibu nikiwa nimesimama: nyungu ilikuwa ya pombe, mikono ilikuwa ya mama, na aliyemficha ni mimi.